Wahasibu wa njia ya Ligula na ofisi yetu ya uani: nyota nne kati ya tano

Kama una kabiashara unakafanyia nyumbani hapa Mtwara au Lindi, na unajiuliza kama pango la nyumba, umeme na bando vinaweza kupunguza kile unacholipa TRA, basi hawa jamaa wa mahesabu wa njia ya kwenda hospitali ya Ligula ni watu wa kuwaona kabla hujamsikiliza mtu mwingine. Tunawatumia kwenye kampuni yetu ndogo, mimi na binamu yangu, tunaandika ripoti, tunakusanya data vijijini huko Tandahimba na Newala kwa miradi, na tunatafsiri. Jina la ofisi nalihifadhi maana kuna mahali nitawachana, ila wenyeji mnajua, ukiwauliza bodaboda wa pale "kwa Madam wa mahesabu" wanakufikisha mlangoni. Ofisi yenyewe chumba kimoja, feni inalia, cheti cha Madam cha CPA, yani mhasibu aliyesajiliwa, kimebandikwa ukutani na vijana wawili wanaingiza data. Ukitegemea makochi na maji ya chupa hutayakuta.

Kilichofanya niwaamini ni jirani yangu wa hapa Shangani, maana mimi ndo nilimpeleka. Anaoka keki nyumbani, oveni ya umeme inawaka toka alfajiri, na alikuwa amesikia kwamba mtu ukifanyia biashara nyumbani unaruhusiwa kutoa gharama za nyumba kwenye kodi, kwaiyo akabeba risiti zake zote za LUKU kwenye mfuko wa rambo, tukaenda. Madam hata mfuko hakuufungua.

"Mama, kwa mwaka unauza kama shilingi ngapi?"

"Kama milioni tisa hivi, msimu wa korosho ukikaa vizuri."

"Kampuni unayo?"

"Sina, ni mimi na TIN yangu tu."

"Basi mama yangu, hizo risiti baki nazo, hazitakusaidia kitu."

Akamweleza taratibu. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100 anaingia kwenye kodi ya makadirio, na ile inapigwa kwenye MAUZO, haiangalii faida, haiulizi umechoma umeme kiasi gani wala mwenye nyumba anakudai bei gani. Kwa viwango alivyomwonyesha, ukiuza chini ya milioni 4 hulipi kitu, na ukiwa kati ya milioni 7 na 11 bila kumbukumbu za mauzo unapigwa 250,000, ukiwa na kumbukumbu ni 90,000 ukijumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa milioni 9 zake hapo ni 150,000. Yani tofauti ya laki nzima inaletwa na kuandika tu mauzo ya kila siku. Akamwambia nenda kanunue kaunta buku, kila jioni andika umeuza nini na shilingi ngapi, mwisho wa mwaka rudi.

Jirani akang'ang'ana, na umeme je? Madam akachukua kikokotoo, akamwambia sheria inakuruhusu kujitoa kwenye makadirio ukaomba upigwe kodi kwenye faida, haya tuseme kwenye milioni 9 faida yako ni nne na nusu, 3,240,000 ya kwanza haina kodi, inayobaki inakatwa asilimia 8, inakuja 100,800. Umeokoa elfu 49 na kitu. Na hata tukichomeka umeme na chumba mpaka kodi iwe sifuri kabisa, utakachookoa ni hiyo laki na nusu, wakati sisi kukutunzia vitabu kwa mwaka ni laki sita, sasa we hiyo hesabu unaionaje? Jirani akacheka, akalipa elfu kumi ya ushauri, akaondoka na mfuko wake. Mhasibu anayekataa laki sita hivihivi, mi nikasema huyu ndo wa kufanya naye kazi.

Sisi kesi yetu ilikuwa tofauti kwa sababu ni kampuni, tulisajili kampuni kwa vile wateja wa miradi hawataki kumlipa mtu binafsi. Kampuni haina habari ya makadirio ya mauzo, inalipa asilimia 30 ya faida, kwaiyo hapo kila gharama halali ina maana. Na kuna kundi lingine ambalo wengi hawajijui: kama unafanya kazi za ushauri, ufundishaji, usimamizi au utaalamu wowote wa namna hiyo, hata bila kampuni, ile kodi ya mauzo haikuhusu, unarudi kwenye faida moja kwa moja. Vijana wa ushauri wa miradi mjini hapa naona wengi wanajihesabu na wauza duka. Kaulizeni.

Sasa kabla sijaendelea, tafadhali achaneni na video za YouTube kwenye hili. Marekani wana utaratibu wa kukokotoa dola 5 kwa kila futi ya mraba ya chumba cha kazi mpaka futi 300, Uingereza aliyejiajiri ana kiwango chake cha paundi 10, 18 au 26 kwa mwezi kutegemea anafanya kazi nyumbani saa ngapi, Australia nao ni senti 70 kwa saa toka Julai 2024. Vitamu sana kusikiliza. Kwetu hakuna kiwango cha namna hiyo. Binamu yangu alifika kwa Madam na hesabu ya futi za mraba kabisa, amepima sebule kwa futi kamba, Madam akamwangalia akamwambia kaka hii umempimia nani?

Cha kwetu kipo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, na Madam anakirudia kama kibwagizo: gharama lazima iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu. Gharama ya kujitunza wewe, familia na nyumba yako haitolewi. Sasa ofisi ya sebuleni inakaa pabaya hapo, maana hiyo sebule mchana ni meza ya ripoti na jioni watoto wanaangalia katuni, umeme ni mmoja, bando ni moja, afisa akija akiuliza ipi ni ya kampuni utamwonyesha nini? Msimamo wake ni kwamba yeye hatetei asilimia za kukisia. Anataka kitu kinachosimama chenyewe, chumba chenye mlango wake, mkataba wake, mita yake, laini yake ya intaneti. Kuna wahasibu wengine wanagawa kwa vyumba, vyumba vinne kimoja cha kazi basi robo ya kila kitu, na sidhani kama wote wanakataliwa. Huyu hataki. Mwanzoni unaweza kumwona mgumu bila sababu, lakini nyie ndo mtakaokaa mbele ya afisa wa ukaguzi, na kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka 5, kwaiyo swali linaweza kuja hata wakati umeshasahau.

Bahati nzuri nyumba tuliyopanga ina vyumba vya uani na vina LUKU yao. Tukahamishia ofisi huko, chumba kimoja kikubwa, dirisha linaangalia mwembe. Madam akasema sasa nendeni mkaongee na mwenye nyumba mtenganishe mikataba, nyumba kubwa kwa jina lako, chumba cha uani kwa jina la kampuni. Tulikuwa tunalipa laki tatu kwa mwezi kwa yote, ikawa laki mbili nyumba na laki moja chumba. Binamu alitaka tugeuze, uani iwe laki mbili ili gharama ya kampuni ivimbe. Madam: "Nyumba ya vyumba vitatu laki moja na chumba cha uani laki mbili, hapa Shangani hii au kuna Shangani nyingine?" Ikaishia hapo.

Kazi ikawa kwa mzee mwenye nyumba, anakaa Mikindani. Hapa Madam hakutusindikiza ila alituandikia karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili chepesi cha kumsomea mzee, na nawapa pongezi kwa hiyo karatasi maana bila hiyo sijui ingekuwaje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kodi?"

"Nimeleta na jambo dogo."

Nikamsomea. Kampuni ikilipa pango inatakiwa ikate asilimia 10, kodi ya zuio, iipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na mwenye nyumba anapewa cheti chake.

"Yani mnanikata hela yangu mnampelekea nani?"

"Serikali, mzee, kwa jina lako."

"Mimi nimewatuma?"

Tulikaa mpaka adhuhuri. Mzee hakatai kulipa kodi, anachosema yeye ni kwamba laki yake aliipanga yeye na anaitaka laki, mengine mtajuana na huyo serikali. Mwisho tukafanya kinachofanywa na wapangaji wengi, tukapandisha bei ya mkataba, ikawa 111,000 kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita, 666,000, zuio 66,600, mzee anapokea 599,400. Akaidai ile mia sita iliyopungua kwenye laki sita! Nikampa mfukoni kwangu, na hiyo mia sita Madam alikataa kuiingiza kwenye vitabu. Juu ya hapo kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, 13,320. Kijana wa ofisini ndo alitutolea kontroo namba za vyote, zuio na stempu, dakika chache tu kwenye simu, hapo sina lawama.

Umeme sasa. Mita ya uani ilikuwa kwenye ile bei ya wenye matumizi madogo, unit shilingi 100 kwa wasiozidi unit 75 kwa mwezi, tulipoweka kiyoyozi ikaondolewa huko ikaingia bei ya kawaida, 292, na ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Kwaiyo elfu arobaini inakupa unit mia na kumi na mbili hivi. Inauma, lakini mita ni ya ofisi peke yake, kila ninachonunua pale ni gharama ya kampuni bila ubishi. Risiti ya LUKU ina namba ya mita, inalingana na mkataba, basi. Ila hata hapo Madam alichungulia, ile kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi inayokatwa ndani ya LUKU aliitoa, akasema jengo si la kwenu, hiyo ni ya mzee, mkitaka mdaini. Nani atarudi Mikindani kudai 1,500? Wenye mita moja tu nyumba nzima, yeye anawashauri waombe mita ya pili TANESCO kupitia Nikonekt, mfumo wao wa maombi mtandaoni, ila mwenye nyumba akubali kwanza.

Intaneti ni hivyohivyo, laini ya ruta kwa jina la kampuni, 70,000 kwa mwezi, inakaa uani. Simu zetu za mkononi alikataa. Nikamwambia lakini wateja wananipigia kwa hii hii, akasema na mama mkwe wako je?

Hicho kikao cha kupitisha gharama moja moja mi nilikipenda kuliko chochote, japo tulitoka tumenyong'onyea. Maji ya MTUWASA, hapana, bili ni ya nyumba nzima na mnaoga humo. Mlinzi wa usiku, hapana, analinda nyumba na ofisi ni sehemu tu, kama mnataka aingie mwajirini kwa kampuni na alinde ofisi. Dada wa kazi, alicheka tu. Chai, sukari na mtungi wa gesi, hapana. Chakula cha mchana, hapana, ungekula hata kama huna kampuni. Rangi ya chumba cha uani na komeo la mlango, ndiyo, kwa sababu ni chumba hicho hicho na fundi alitoa risiti. Kiyoyozi, ndiyo, na joto la Novemba la huku linajulikana, ila hakitolewi chote kwa mkupuo kwa vile ni mali ya kudumu, kinakwenda kidogo kidogo kwa uchakavu.

Uchakavu wenyewe uko hivi, maana watu wanachanganya. Kompyuta iko daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Samani na vifaa vingine vya ofisi ni asilimia 12.5. Laptopu yetu ya 1,600,000 mwaka wa kwanza ilitoa gharama ya 600,000, mwaka unaofuata inapigwa kwenye milioni moja iliyobaki, inakuja 375,000, hivyo hivyo inashuka. Meza na viti vya laki nne, 50,000. Kiyoyozi cha 1,200,000, ni 150,000. Zile meza tulichongesha kwa fundi wa mtaani, hana mashine ya EFD ya kutolea risiti, mauzo yake madogo, akatuandikia risiti ya mkono na TIN yake. Madam aliipokea kwa shingo upande, akasema hii nitaitetea lakini msiizoee, kitu kikubwa nunueni penye mashine na mtaje TIN ya kampuni kabla hajabonyeza, siyo baada.

Na jamani risiti za EFD zinafutika. Ile karatasi ukiiweka kwenye gari au karibu na dirisha kwa joto letu hili miezi michache inakuwa nyeupe, wakati sheria inataka uwe nayo miaka mitano. Hawa kila risiti wanaipiga picha siku unapoileta, wanaitoa kopi, wanaihakiki kwenye tovuti ya TRA kama ni ya kweli, wanaifungia kwenye faili la mwezi. Kwangu hii peke yake inawatofautisha na wengine wote niliowaona.

Haya, hela. Pango la uani 1,332,000 kwa mwaka, umeme 480,000, intaneti 840,000, jumla 2,652,000. Hii haimaanishi umeokoa milioni mbili na nusu, hapo ndo watu wengi wanapojidanganya, unaokoa asilimia 30 yake, yani 795,600. Ongeza uchakavu wa 800,000 wa mwaka wa kwanza, ni 240,000 nyingine. Imefika 1,035,600. Ada yao ni elfu hamsini kwa mwezi, laki sita, na hesabu za mwaka laki nne. Milioni moja. Kwaiyo kwa ofisi ya nyumbani peke yake, mwaka wa kwanza tumebakiwa na 35,600, hela ya samaki wa wiki. Ada yao nayo ni gharama ya kampuni kwaiyo inarudisha kidogo, lakini mwaka wa pili uchakavu unashuka. Mtu akikwambia ofisi ya nyumbani itakutajirisha mwambie apige hesabu tena.

Mbona basi naendelea nao? Kwa sababu hela kubwa haikuwa kwenye chumba. Ilikuwa kwenye vyeti vya zuio. Wateja wetu wakitulipa wanakata asilimia 5 ya ada ya huduma, hiyo ni kodi yetu tayari imeshalipwa, lakini bila cheti huwezi kuidai. Hawa wanafuatilia vyeti kwa wateja mmoja mmoja, wanapiga simu mpaka Dar, hawana aibu. (Na wao tukiwalipa tunawakata hiyo hiyo asilimia 5, wanaiandika wenyewe kwenye ankara.) Halafu kuna makadirio ya mwaka, siyo yale ya mauzo, haya kampuni inakadiria kodi ya faida yake mapema, yanatakiwa tarehe 31 Machi na unalipa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba, wakati mtu yeyote wa kusini anajua Machi hakuna hela, hela ya huku inaamka na minada ya korosho kuanzia Oktoba. Miradi yetu mingi nayo inafuata korosho. Madam anaweka makadirio ya chini yenye adabu, kazi zikiingia anayarekebisha kabla ya awamu ya mwisho. Wahasibu wa mbali hawalioni hili, wanagawa kwa nne wanakuachia mzigo Machi.

Sasa kuwachana. Ile laki nne ya hesabu za mwaka hawakuisema mwanzo. Tuliambiwa elfu hamsini kwa mwezi, tukajua imekwisha, Juni ndo tukaletewa bei ya pili, na ritani ya mwisho, yani taarifa ya kodi ya mwaka mzima, kwa wanaofunga mwaka Desemba ni tarehe 30 Juni kwaiyo hapo huna pa kukimbilia, unalipa tu. Bei ni ya kawaida, sina shida nayo, shida ni kuitoa siku hiyo. Andikeni ukutani pembeni ya CPA. Pia mmoja wa vijana aliingiza cheti chetu cha zuio kwenye mwaka mwingine, ilikuwa hela ya maana, binamu ndo aliyeliona akipitia kabla hatujasaini. Walirekebisha siku ile ile na Madam akaomba radhi yeye mwenyewe, ila toka hapo kila karatasi naisoma, na nyie someni kila karatasi. Simu kuanzia katikati ya Juni hawapokei kabisa.

Kwa watu wa Lindi, rafiki yangu wa Mtanda anashona sare za shule nyumbani kwake, ana kampuni pia, anawatumia risiti kwa wasap na nakala halisi anazituma na basi mwisho wa mwezi. Anasema kwa kazi za kila mwezi hana neno, lakini kwa lile suala la kutenganisha chumba ilibidi aje mwenyewe, kwa sababu Madam alitaka aone mchoro wa nyumba na mita iko wapi, na yeye kwenda Lindi haendi mpaka awe na wateja kadhaa wa kuwaona kwa safari moja. Kwa mtu mwenye mashine za kushonea sebuleni hizo picha za wasap hazitoshi, apange nauli.

Halafu kuna wale vishoka wanaozunguka na bahasha, mmoja alikuja mpaka uani kwetu. Elfu themanini anakumalizia kila kitu, anakuingizia pango la nyumba nzima, dada wa kazi, ada za shule za watoto kama mafunzo ya wafanyakazi. Nilimwuliza akija mkaguzi wewe utakuwa wapi, akasema namba yangu si unayo. Nyota sifuri huyo.

Hawa wa Ligula nawapa nne. Ya tano wataipata wakibandika bei zote mbili. Ukienda beba TIN, cheti cha usajili kama ni kampuni, mkataba wa pango hata kama ni wa karatasi ya daftari, risiti za LUKU za miezi kadhaa na picha ya mita. Kama ni mtu binafsi na unajua mauzo yako ya mwaka hayafiki milioni 11, anza na elfu kumi ya ushauri, usikubali kusaini ada ya mwezi siku hiyo hata kijana wa mapokezi akikuwekea fomu mbele. Na nenda Februari, maana Machi na Juni watu wamekaa mpaka kwenye ngazi za duka la jirani.